Dafu la Cozumel

Tangu televisheni zianze kuonyesha meli za kitalii zilizokwama baharini na wagonjwa ndani, simu yangu haipumziki. Wenzangu wa zamani katika kazi ya kutunza wazee, kuanzia Carrollton hadi Mansfield hapa Texas, wananiuliza jambo lilelile: "Mama Jamila, si wewe uliwahi kupanda meli kama zile? Zikoje?" Nawajibu kwamba chakula ni kingi, mazulia ni mazito, na sina hamu ya kuiona nyingine maishani mwangu. Wanacheka, wakidhani natania.

Sitanii. Nimestaafu mwezi wa pili, baada ya miaka kumi na tisa ya kuosha, kulisha na kugeuza wazee wa watu, na sasa ninao muda wa kukaa chini nikaandika vizuri jambo ambalo kwenye simu huwa naliachia katikati kwa hasira. Nawaandikia hasa nyinyi mnaoanza. Mtaambiwa na watu wengi kwamba kazi hii haihitaji akili, inahitaji moyo tu. Anayesema hivyo mpeni kijiko na mgonjwa wa kiharusi, mtazame atakavyohangaika.

Nilianzia katika nyumba ya wazee kule Mansfield. Nilikuja Marekani na cheti cha ualimu kutoka Morogoro, ambacho hapa kilinifaa kwa kukiangalia tu. Siku ya kwanza walinipa sare ya bluu iliyonizidi na wakanikabidhi kwa Mama Achieng, Mkenya wa Kisumu, mfupi, mwenye mikono kama ya fundi seremala. Hakuanza na wagonjwa. Alinifunga mimi kiunoni ule mkanda mpana wa turubai tunaomshikia mgonjwa asianguke, akanivuta ghafla kutoka kwenye kiti hadi meno yakagongana.

"Ume-feel hiyo?" akaniuliza.

"Nimeumia, dada."

"Sawa. Sasa usiwahi vuta mtu hivyo."

Ndiye aliyenifundisha pia kuandika ripoti. "Andika kile umeona, si kile umeambiwa," alisema. "Na uandike saa hiyo hiyo, kabla uende lunch."

Katika yote niliyojifunza miaka ile, lililonitia hofu kuliko mengine ni kumeza. Mtu mzima anameza mara mamia kwa siku bila kufikiri. Kiharusi kikimpiga, koo linasahau kazi yake. Chakula kizito anaweza kukimudu, lakini maji mepesi yanakimbia haraka kuliko koo linavyofunga, yanaingia njia ya hewa, yanatua kwenye mapafu, na baada ya siku mbili mna homa ya mapafu mkononi. Ndiyo maana tunachanganya kila kinywaji na ule unga mweupe wa kopo mpaka kiwe kizito kama uji au asali. Mgonjwa anakaa wima, kidevu chini, anakunywa kwa kijiko. Mrija ni marufuku, maana unapiga maji moja kwa moja nyuma ya koo. Nililijua somo hili kiasi kwamba wakala wa wahudumu wa majumbani aliyeniajiri baadaye alinipa kazi ya kuwafundisha wahudumu wapya kila baada ya miezi michache. Likumbukeni hilo.

Mwaka 2017 wakala alinipeleka Plano kwa Mama Eleanor. Alikuwa na miaka themanini na mbili, mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wa kulia na kubeba karibu maneno yake yote. Yalibaki "yes", "no", na tusi moja ambalo mwalimu wa hesabu hakupaswa kulijua. Lakini akili ilikuwa palepale. Nikikosea kuhesabu vidonge, alikuwa anagonga meza kwa mkono wa kushoto mpaka nirudie.

Aliishi na mwanawe, Bwana Mark, na mkewe, Bi. Denise. Sitasema walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye haraka. Bwana Mark alikuwa na cheo katika mojawapo ya yale majengo makubwa ya vioo, na alizungumza nyumbani kama yuko kwenye mkutano. Jina langu, Rukia, lilimshinda tangu siku ya kwanza, akaamua kuniita Rookie. Kwa Kiingereza hilo ni jina la mtu anayeanza kazi, asiyejua kitu. Nilimsahihisha mara tatu, halafu nikaacha, na kuacha kule ni kosa langu. Mtu mkimzoesha kukuiteni vibaya, siku moja atakuandikieni vibaya pia.

Mwezi wa tatu mwaka 2018 wakaamua kumpeleka mama baharini. Safari ya siku tano kwa meli kutoka Galveston hadi Mexico na kurudi, na mimi niende kama mhudumu wake. Nilifurahi, sikatai. Tuliondoka Plano alfajiri kwa gari, tukampitia Houston binti wa Mama Eleanor, Bi. Carol, mwanamke mpole wa makamo ambaye hakuwahi kupingana na kaka yake hata kuhusu dirisha la gari.

Ubishi wa kwanza ulitokea bandarini Galveston. Nilikuwa nimepakia makopo manane ya ule unga, nao ni mweupe, laini, umo ndani ya makopo. Askari wa ukaguzi walifurahi sana kuuona. Wakafungua kopo moja baada ya jingine, wakanusa, wakaita mkubwa wao. Foleni ikarefuka nyuma yetu.

"Rookie, yaache hapo," alisema Bwana Mark. "Atakunywa vitu vingine."

"Hakuna vitu vingine, Bwana Mark. Bila unga huu mama hanywi hata dawa."

"Tunachelewesha watu wote kwa ajili ya unga!"

Sikusogea. Nilitoa karatasi ya mtaalamu wa kumeza, niliyokuwa nimeipitisha kwenye plastiki isilowe, nikawasomea askari mstari kwa mstari. Wakatuachia. Bwana Mark hakusema nami hadi chakula cha jioni.

Meli hiyo, ndugu zangu, ilikuwa ghorofa juu ya ghorofa, na watu wanakula kana kwamba kesho njaa inaingia. Mimi na Mama Eleanor tulilala chumba kimoja. Siku ya tatu tukafika Cozumel, kisiwa cha Mexico, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Niliamka saa kumi na moja. Nilimwogesha kwa taabu, mguu wangu mmoja ndani ya bafu na mwingine nje, maana bafu lile lilijengwa kwa mtu mwembamba asiye na haja ya kugeuka. Nikampa uji wa shayiri na kahawa niliyoifanya nzito kwa ule unga. Nikamvalisha gauni la maua ya njano alilolichagua mwenyewe kwa kulinyooshea kidole. Alikuwa na furaha. Tuliposhuka kwenye daraja la meli, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, na upepo ukampiga usoni, aliinua mkono wa kushoto kama mtoto aliyejua jibu darasani.

Familia ilikuwa imekodi kibanda cha makuti ufukweni, mwendo wa robo saa kwa teksi. Tulipofika wakaagiza vinywaji. Mhudumu wa pale, kijana Mmexico mwenye tabasamu, akaleta dafu limekatwa juu, limetiwa ua na mrija wa rangi. Mimi mtu wa dafu, nilitamani. Bi. Denise akaliona, macho yakawaka.

"Lazima tupate picha ya Mama na hili! Rookie, shika simu yangu. Rudi nyuma. Zaidi. Zaidi, bahari ionekane."

Nikauliza, kwa sauti ambayo wote walisikia: "Hanywi lakini, sivyo? Ni la kushika tu?"

"Ni picha tu," alisema Bi. Denise.

Nikarudi nyuma hatua kumi, kumi na mbili, mchanga ukiniingia viatuni. Nikainua simu. Na kwenye kioo cha simu ile nikaona mkono wa Bi. Denise ukipeleka mrija mdomoni kwa Mama Eleanor, na Mama Eleanor, ambaye alikuwa hajaonja kinywaji chepesi kwa zaidi ya mwaka, akivuta kwa nguvu zake zote.

Nilipiga kelele. "Hapana! Toa mrija! Toa!" Bi. Denise alinipungia mkono akicheka. Alidhani nawachangamsha kwa ajili ya picha.

Nikaiangusha simu nikakimbia. Nilipofika, uso wa mama ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Hakuwa anakohoa, na mgonjwa asiyekohoa ndiye wa kutisha. Nilimvuta mbele kwa ule mkanda wa turubai niliokuwa nimemfunga kiunoni, nikamwinamisha kifua juu ya mkono wangu, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Mara ya nne akatoa maji, akavuta pumzi kwa sauti kama mlango mbovu, akaanza kukohoa. Sijawahi kusikia kikohozi kitamu kama kile.

Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wamesimama. Nikasema: "Turudi melini sasa hivi. Daktari amsikilize mapafu. Sauti yake ina maji."

Bwana Mark alimtazama mama, akatazama saa yake. "Si anapumua? Chakula chetu hakijaja bado. Tumwache apumzike kivulini kidogo."

Narudia maneno hayo baada ya miaka miwili na mikono bado inakaza kalamu. Chakula hakijaja! Mama yake mzazi alikuwa amebakiza dakika mbili za kuwa maiti juu ya mchanga wa watu, na yeye anangoja samaki wa kukaanga.

Nilimgeukia Bi. Carol. Alikuwa amekaa palepale, ameona mwanzo hadi mwisho, umbali wa mkono mmoja. "Bi. Carol, tafadhali," nilisema. Akainamisha uso, akaanza kukunja kitambaa cha meza. Bi. Denise naye alikuwa ameokota simu yake anaipangusa mchanga. "Imechubuka kioo," alisema.

Basi nikaondoka na mama, wao wakabaki wamekaa. Nilisukuma kile kiti cha magurudumu kwenye mchanga peke yangu, mpaka dereva mmoja wa teksi akatukimbilia. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilimwonyesha kifua cha mama, nikaonyesha upande wa meli. Akamnyanyua kwa mikono miwili kama anabeba mayai, akamwita "abuelita", bibi, na njia nzima aliendesha huku akituangalia kwenye kioo. Mgeni kabisa yule.

Melini nesi wa zahanati alikuwa Mfilipino. Aliweka kifaa cha kusikilizia mgongoni, akasikiliza muda mrefu, akaniuliza, "Amekunywa nini, na nani alimpa?" Nikamweleza yote. Akaandika. Nami nikatoa daftari langu nikaandika pia, saa, mahali, nani alishika nini, kabla hata sijala. Nilipomaliza nikagundua viatu vyangu bado vina mchanga wa Mexico.

Alasiri familia ikarudi. Joto la mama lilikuwa limeanza kupanda. Daktari wa meli akamuuliza Bwana Mark ilikuwaje. Nilikuwa nimesimama palepale, namfuta mama jasho, na nikamsikia akijibu bila kupepesa: "Sijui, daktari. Mhudumu ndiye aliyekuwa naye siku nzima."

Nilisema, "Bwana Mark, si kweli."

"Rookie, sasa si wakati wake."

Siku mbili za kurudi nilizimaliza kando ya kitanda cha zahanati. Galveston gari la wagonjwa lilitusubiri, likampeleka hospitali Houston. Homa ya mapafu. Pale mlangoni Bwana Mark aliniambia nisiingie, familia itashughulika. Nikapanda basi kurudi Dallas na sanduku langu na makopo manne ya unga yaliyobaki.

Kesho yake nikaitwa ofisini kwa wakala. Msimamizi wetu alikuwa Bi. Sheryl, mwanamke aliyekuwa akinisifia miaka yote kwenye sherehe za Krismasi. Mezani kulikuwa na karatasi imeshapigwa chapa. Ilisema mhudumu alimpa mgonjwa kinywaji chepesi kwa mrija kinyume cha maelekezo. Chini pameachwa mstari wa jina langu.

"Nani ameandika hii?" nikauliza.

"Familia imetoa maelezo. Rukia, sikiliza. Ukisaini, tutasema ni kosa la kibinadamu. Utahudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu kumeza, mambo yanaisha."

"Mafunzo yapi?"

"Yale ya wahudumu wapya."

"Bi. Sheryl, yale nafundisha mimi."

Akanisogezea kalamu. Akasema nisiposaini familia inaweza kupeleka malalamiko serikalini, jina langu likaondolewa kwenye orodha ya wahudumu, na miaka yote hii itakuwa bure. Alisema kwa upole kabisa. Niliishika kalamu. Kwa kweli niliishika. Niliwaza nyumba, nikamwaza Jamila na masomo yake ya chuo. Halafu nikamwona Mama Eleanor amebadilika rangi, na nikajiuliza: nikisaini uongo huu, nani atajua kwamba yule mwanamke na mrija wake bado wako ndani ya nyumba ile?

Nikaigeuza karatasi. Nyuma yake, palipokuwa peupe, nikaandika niliyoyaona, nikatoa nakala ya ukurasa wa daftari langu kwenye mashine yao wenyewe, nikasaini hiyo. Bi. Sheryl alisema nitapigiwa simu. Wiki ya kwanza ikapita bila zamu. Ya pili. Ya tatu.

Jamila, mwanangu, aliniambia, "Mom, just get a lawyer," kama vile mawakili wanauzwa sokoni kwa fungu. Aliyenishika mkono ni Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, tuliyekuwa tukipokezana zamu. Alikuja na sufuria la maharage, akakaa jikoni kwangu Carrollton. "Ile papier usiisaini hata kidogo, Mama Jamila," alisema. "Sisi tulitoka kwetu sababu ya watu wenye kuandika uongo juu ya majina yetu. Hapa tena? Hapana. Kula." Nikala.

Wiki ya tano Bi. Sheryl akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya Krismasi. "Rukia, njoo, tumepokea barua kutoka Houston."

Ilikuwa ya Bi. Carol. Nilisomewa, sikupewa. Ilieleza kwamba mtaalamu wa kumeza pale hospitali alimuuliza Mama Eleanor, kwa maswali ya ndiyo na hapana, jinsi ilivyotokea. Je, ulikunywa mwenyewe? No. Je, mhudumu wako alikupa? Hapo, barua ilisema, mama aligonga meza ya kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka kikombe kikaanguka. No. No. No. Halafu akamgeukia binti yake, akamtazama, akaendelea kumtazama, mpaka Bi. Carol akamwambia mtaalamu ukweli wote, dafu, mrija, picha, na kwamba mimi nilipiga kelele.

Niliwahi kuambiwa nimshukuru Bi. Carol. Sikumshukuru. Wiki tano alijua, na simu anayo. Ukweli ule aliung'oa mwanamke wa zaidi ya miaka themanini asiye na maneno, mgonjwa, kitandani.

Bi. Sheryl aliichana ile karatasi mbele yangu, akaniuliza kama ningependa mgonjwa mwingine. Nikasema namtaka yuleyule, kwa sharti: maelekezo ya kumeza yasainiwe na kila mtu mzima wa nyumba ile. Wakasaini. Bwana Mark alinipokea mlangoni Plano siku niliyorudi. "Tuyaache yaliyopita, Rookie," alisema, akitoa mkono.

"Jina langu ni Rukia."

"Rukia," alisema. Alilitamka sawasawa, mara ya kwanza. Kumbe lilikuwa jepesi siku zote.

Bi. Denise alikuwa jikoni, akanipa tabasamu na kuniuliza hali ya barabara. Hakuna aliyetaja dafu. Hakuna aliyesema samahani, si siku ile wala mwaka mmoja na nusu uliofuata, mpaka mama alipofariki usingizini. Siku ile ya kurudi niliingia chumbani. Mama Eleanor alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini aliponiona mkono wa kushoto ulipanda juu. Nikakaa kitandani kando yake. Akafungua mdomo, akaufunga, akajaribu tena, midomo ikitafuta njia. Nikadhani anataka maji.

"Pole," alisema.

Kwa Kiswahili. Sikuwa nimemfundisha. Ni neno ambalo mimi humwambia mgonjwa bila kufikiri, ninapomgeuza, ninapomvua, ninapojua anaumia. Kumbe alikuwa analiokota siku zote hizo, yeye ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya lugha yake mwenyewe.

Hasira ikanirudia upya, kali kuliko ya ofisini, kwa sababu familia ile ilikuwa na watu wazima watatu wenye ndimi nzima. Niliyafuta macho kwa kiwiko. Nikamwambia, "Nimeshapoa, Mama," nikafunga mlango, nikamkalisha wima, nikaanza kumchanganyia kahawa na ule unga mweupe.